"Huyo ni mtu mzima, ameamua"

Jirani yetu aliuza cherehani kwanza. Ndiyo ilikuwa kazi yake hapa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, kushona yunifomu na kubadilisha zipu, na fundi wa nguo akiuza cherehani ujue kuna jambo, lakini sisi pale kwa ploti tukajiambia labda amepata pesa anataka kufungua duka. Kukafuata mtungi wa gesi. Kukafuata sofaseti na televisheni. Halafu Jumanne moja saa nne asubuhi nikamkuta msichana wake wa darasa la nne amekaa kwa ngazi na nguo za nyumbani, nikamuuliza mbona hujaenda shule mami, akanijibu, "shule ni ya dunia". Hakusema kwa kiburi. Alisema vile mtoto anakariri shairi, macho chini, anavuta uzi uliochomoka kwa mkono wa sweta, anauzungusha kwa kidole, anauvuta tena.

Hiyo ilikuwa 2022, kabla tu ya uchaguzi. Wiki mbili baadaye mlango wao ulikuwa na kufuli ya keateka, mtunzaji wa ploti. Walikuwa wameondoka wote wanne, mama, huyo msichana, na wavulana wawili, mdogo alikuwa hata hajaanza PP1, darasa la awali. Mama alikuwa ameaga watu wachache tu, akasema wanaenda Pwani, kuna mahali watu wa Mungu wamepata ardhi ndani ya msitu, wanajijengea, wanajilimia, hakuna hospitali, hakuna shule, hakuna mambo ya vitambulisho, wanakaa mbali na dunia wakingoja mwisho.

Mimi na keateka tulienda kituo cha polisi. Sitakitaja na hakuna haja ya kukitaja. Polisi wa dawati alitusikiliza vizuri kabisa, hakutufokea, hakuitisha kitu, na alikuwa tayari amefungua daftari la OB, lile la kuandika matukio, kalamu mkononi, lakini tulipofika kwa mahali mama ameondoka na watoto wake mwenyewe akaweka kalamu chini. Akasema, "huyo ni mtu mzima, ameamua, na watoto ni wake". Tukarudi nyumbani bila namba ya OB. Na ukweli ni kwamba hata sisi tuliona ana pointi.

Sasa nimekaa na hayo maneno zaidi ya miaka mitatu na nataka kusema ninavyoamini, kwamba hayo maneno ndiyo yaliua uchunguzi wa Shakahola kabla haujazaliwa, na yamesemwa kwa vituo vingi, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia, kwa watu wengi kama mimi walioenda wakiwa na wasiwasi na wakarudi wakiwa wametulizwa.

Wote tunajua kilichopatikana. April 2023 polisi walianza kufukua makaburi kwa ule msitu wa Shakahola, ndani ya shamba la Chakama huko Kilifi, na kufikia katikati ya mwaka miili ilikuwa imepita 400. Lakini watu wanasahau kilichotangulia. Mwezi mmoja kabla, March, mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake pale msituni wafunge hadi wafe, alikuwa ameshikwa juu ya watoto wawili waliokufa njaa, na akaachiliwa kwa bondi ya shilingi 10,000. Watoto wawili wamekufa njaa na wamezikwa msituni! Hapo tayari ulikuwa na kesi ya mauaji, na msitu wote ungezingirwa siku hiyo hiyo. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilipotoa ripoti yake 2024 iliandika wazi kwamba vyombo vya usalama vilipata habari mapema na havikufanya kazi yao. Sikushangaa hata kidogo, nilikuwa nimesimama mbele ya lile dawati.

Na kabla mtu aanze kusema nachukia maombi, hapana. Mtu wa Nakuru hawezi kuchukia kufunga. Tuna mlima wa Menengai hapa juu yetu, na sote tumeona watu wakipanda na blanketi na jerikani ya maji wakienda kuomba kwa mapango kule ndani ya shimo, wengine siku tatu, wengine zaidi, marehemu shangazi yangu alienda mara mbili na akarudi akiwa mwembamba na mwenye furaha. Wa Menengai anashuka. Akisikia vibaya anashuka, akimkumbuka mtoto wake anashuka, akitaka chai anashuka anakunywa chai, na kule nyumbani watu wanajua alienda siku gani. Kule Shakahola walionusurika na upande wa mashtaka wamesema kulikuwa na walinzi wenye silaha, na anayejaribu kutoka anarudishwa kwa kipigo. Basi tuache kuyaita mambo hayo mawili jina moja. Mahali ambapo kuingia ni hiari na kutoka ni kipigo, polisi hana haja ya kuogopa dini ya mtu, hapo anachunguza uhalifu wa kawaida kabisa.

Hata watu wa kuishi porini bila dini, wale wa kusema serikali imeoza wacha tujitegemee, mimi sina shida nao. Babu zetu waliishi msituni. Lima, fuga nyuki, kataa stima ukitaka. Shida yangu ni watoto tu, na narudia, ni watoto.

Angalia vile mashtaka yenyewe yalikuja kupangwa. Mwanzoni mwa 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia watu 238, na mashtaka mengine tofauti kabisa, ya mauaji, yakawekwa Mahakama Kuu ya Malindi, ya watoto 191. Walikana yote na korti ndiyo itaamua nani alifanya nini, mimi siamui hapo. Lakini soma hizo hesabu mbili tena. Juu ya mtu mzima unaweza kubishana, alikubali, hakukubali, alidanganywa kiasi gani, hapo mawakili wana kazi. Juu ya mtoto huwezi. Mtoto wa miaka minne hajiamulii kufa njaa, mtu mwingine amemwamulia, na huyo mtu ana jina. Mkuu wa wanapatholojia wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, alisema baada ya upasuaji kwamba wengi walikuwa na dalili za njaa, lakini wengine, wakiwemo watoto, walionekana kunyongwa au kukoseshwa pumzi. Na waliotoka huko walieleza kwamba mpango ulikuwa watoto ndio watangulie, kisha wanawake, kisha wanaume.

Watoto ndio watangulie. Mimi nikisoma hapo huwa naona ule uzi wa sweta.

Kwa hivyo yule polisi alikuwa na haki nusu. Mama alikuwa mtu mzima, ni kweli, lakini kwa ile nyumba kulikuwa na watu wanne, na watatu kati yao hawakuwa wameamua kitu, na hao watatu ndio wangeandikwa kwa OB siku ile hata kama mama angeachwa aende zake.

Wacha niseme pia kwa nini kuchelewa ni vibaya zaidi kwa jamii za aina hii kuliko mauaji ya mjini. Mjini mtu akiuawa kuna simu, kuna M-Pesa, kuna boda aliyembeba, kuna jirani aliyesikia kelele. Kule kila kitu ambacho mpelelezi hushika kimekatwa kwanza, na kimekatwa makusudi, simu zimeachwa, vitambulisho vimeachwa, hospitali ni dhambi kwa hivyo hakuna kadi ya kliniki, shule ni dhambi kwa hivyo hakuna rejista. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ule msitu hana karatasi hata moja duniani, sasa akifa utaanzia wapi kuchunguza kifo cha mtu ambaye hakuna anayejua alizaliwa? Vijiji vyenyewe walikuwa wamevipa majina ya Biblia, Bethlehemu, Nazareti, Yudea, kwa hivyo hata shahidi akikuambia fulani alizikwa Bethlehemu wewe unapiga hesabu ni kichaka gani.

Na mashahidi wenyewe wengine hawakutaka kuokolewa. June 2023 watu 65 waliotolewa msituni walipelekwa kortini Shanzu kwa kujaribu kujiua kwa sababu walikataa kula hata baada ya kufikishwa kwa kituo cha uokoaji. Niliona ni makosa kumshtaki mtu aliyetolewa kuzimu, na nilifurahi January 2025 Mahakama Kuu iliposema hicho kifungu cha kujaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Lakini wewe fikiria mpelelezi, anataka statement, na aliye mbele yake hataki hata uji.

Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana. Bunge lilipitisha sheria 2017 ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vyenye utata, ofisi ambayo haiko chini ya polisi, na 2023 Shakahola inafumuka hiyo ofisi ilikuwa bado iko kwa karatasi. Miaka sita! Hapo nitaacha, nikiendelea nitakasirika bure.

Nyanya ya wale watoto wa jirani anaishi Vihiga, karibu na Mbale. Hakuwa na habari yoyote hadi aliposikia Shakahola kwa redio na akakumbuka binti yake alisema "Pwani". Alipanda gari usiku, Nakuru, Nairobi, Mombasa, Malindi, mguu umefura, mimi nilimpokea hapa steji nikampa chai na blanketi akaendelea. Pale Malindi wakamwambia afungue mdomo, wakasugua ndani ya shavu na kijiti chenye pamba, wakakitia kwa bahasha, wakaandika namba. Aliniambia alidhani wataumiza, kumbe ni kama kupanguswa mate. "Nilisafiri siku mbili wanipanguse mate," ndivyo alivyosema, na akaanza kulia kwa simu.

Hiyo DNA yake ina uzito ambao yeye mwenyewe hajui. Kawaida mtoto hutambuliwa kwa mzazi, lakini hapa mzazi naye huenda yuko kwa kaburi lingine mita kumi kutoka hapo, kwa hivyo inabidi nyanya, mjomba, shangazi. Miili mingine ilikuwa imekaa ardhini muda mrefu, vipimo vikachukua muda, na familia za kwanza zilianza kupewa miili mwishoni mwa March 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa. Kama una mtu aliyepotea kwa ukimya huo wa "alienda kwa maombi Pwani" na hujatoa sampuli, tafadhali nenda. Usingoje uhakika, kwa sababu uhakika wenyewe unatoka kwa hicho kijiti.

Na usiseme yalikuwa ya Pwani yakaisha. April 2025 polisi waliingia kwa boma la kanisa Opapo, Rongo, kaunti ya Migori, huku bara kabisa, wakatoa watu 57 waliokuwa wanaishi ndani, na kulikuwa na waliokufa na kuzikwa mle mle bila familia zao kuambiwa. August mwaka huo huo makaburi yakafukuliwa tena Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, zaidi ya miili 30. Baada ya tume, baada ya kamati ya seneti, baada ya maombi ya kitaifa.

Mimi nadhani mahali pa kushika hii kitu ni shuleni. Nilienda kumuona mwalimu wa yule msichana, mwalimu mzuri, akanifungulia rejista ya ile term. Jina lake liko pale. Kuna alama za kuhudhuria, halafu alama za kukosa, moja moja, halafu mstari mzima wa kukosa, halafu kwa kalamu nyekundu mtu ameandika "amehama". Hakuna jina la shule aliyohamia. Hakuna aliyeuliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kupeleka mtoto shule na inamtaka mwalimu mkuu kufuatilia mtoto akikosa bila sababu, kwa hivyo hatuhitaji sheria mpya ya makanisa ambayo maaskofu wataipigania miaka kumi. Mtoto akihama na hakuna shule nyingine imemchukua term nzima, mwalimu amwambie chifu, chifu aulize nyumba kumi, nyumba kumi ni sisi, na sisi tulikuwa tunajua! Keateka alijua, mimi nilijua, aliyenunua cherehani alijua. Kisha hiyo ripoti ifike kituoni kama mtoto aliyepotea, na iandikwe siku hiyo, maana hakuna sheria inayosema ungoje masaa 24.

Sijui kama jirani yangu na watoto wake walifika Shakahola au walienda kwingine. Nyanya bado anangoja. Mwezi jana aliibiwa simu sokoni Mbale, na kabla hata hajatafuta pesa ya simu nyingine alienda kusajili laini ile ile, akalipia, akaifunga kwa leso, kwa sababu ndiyo namba aliyoandikisha Malindi.