Baba akiingia leba, apewe kazi

Kumruhusu baba aingie leba hakutoshi. Mara nyingi anavalishwa gauni, kisha anaachwa ukutani akimtazama mke wake akiumia. Baada ya muda anamwandama mkunga kwa maswali au ananyamaza kabisa, na watu wanasema wanaume hawaiwezi leba. Sikubaliani nao. Asiye na kazi wala taarifa lazima atishike.

Kwanza ni ridhaa ya mama. Katika mwongozo wake wa 2018, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Akimtaka dada yake, baba asijione amedharauliwa. Akimtaka mumewe, maandalizi yaanze kliniki.

Huko afundishwe kuhesabu mikazo ya uchungu: tangu mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza. Wengi huanza kuhesabu mkazo unapoisha, kwa hiyo mikazo ya kila dakika tano wanairipoti kuwa ya kila dakika nne. Aambiwe pia kwamba uchungu ukishapamba moto, yaani mlango wa kizazi umefunguka sentimita 5, uzazi wa kwanza unaweza kuchukua hadi saa 12 kabla mlango haujafunguka wote. Asiyelijua hilo, ikifika saa ya sita anaamini mambo yameharibika.

Kwa maumivu ya mgongo, mikono yake ni msaada mkubwa. Mkazo unapoanza, aweke kitako cha kiganja kwenye mfupa bapa ulio chini ya kiuno, juu kidogo ya mpasuko wa matako, akandamize na asilegeze mpaka mkazo uishe. Kosa la kawaida ni kusuguasugua: ngozi inawaka moto, mgongo unauma vilevile. Anyooshe kiwiko aegemeze uzito wa mwili, la sivyo mkono utachoka mapema. Mama akisema basi, ni basi. Mikazo ikitulia, ampe maji kidogo kidogo na kumkumbusha kwenda haja ndogo kila baada ya saa mbili hivi, kwa kuwa kibofu kilichojaa kinaweza kuzuia kichwa cha mtoto kushuka.

Na kuzimia? Si woga. Akisimama muda mrefu magoti yamekazwa, chumba kina joto na tumbo ni tupu, damu hutuama miguuni na presha hushuka. Apewe kiti karibu na kichwa cha mama, atoke kula. Akianza kutoka jasho jembamba na macho kuingia giza, akae sakafuni papo hapo. Wanaojaribu kuufikia mlango ndio huanguka na kujigonga kichwa.

Penye udhaifu mkubwa ni dharura. Wahudumu wanajaa chumbani, baba anasukumwa nje, na hakuna anayerudi kumwambia neno. Mhudumu mmoja apangiwe kazi hiyo: aeleze kinachofanyika, mama anapelekwa wapi, na lini ataleta habari tena, hata kama hakuna jipya. Baba ajue mapema pia kwamba kwenye upasuaji wa ganzi ya mgongoni huenda akaruhusiwa kukaa karibu na kichwa cha mama, bila kugusa vitambaa vilivyotakaswa, lakini kwa nusukaputi kwa kawaida atasubiri nje.

Sonona baada ya uzazi huwapata akina baba pia. Kama uzazi ulikuwa wa kutisha, wiki chache baadaye aulizwe kama analala, na kama yale aliyoyaona yanamrudia. Aulizwe akiwa peke yake, maana mbele ya mkewe atajibu kwamba hana neno.