Intaneti Kupitia Nyaya za Umeme: Tuache Waya, Tutumie Nguzo

Umeme wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, ukiwashwa kwenye kitongoji kingine, swali lilelile huibuka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye vijiwe vya mafundi: kama waya umeshafika mpaka nyumba ya mwisho, kwa nini intaneti isipite humohumo? Ni swali la haki kabisa. Nguzo tumelipia, nyaya tumelipia, transfoma tumelipia. Vijiji zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme, na mwananchi wa kijijini huunganishiwa kwa shilingi 27,000. Mtu huyohuyo akiambiwa asubiri kampuni nyingine ije siku moja kumchimbia mtaro wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, ana kila sababu ya kuuliza kama nchi inajua hesabu.

Mimi ni mtu wa nyaya, na nasema wazi: intaneti ya kasi inayosafiri ndani ya waya wa TANESCO au Kenya Power, kutoka kituo cha kupozea umeme mpaka sebuleni kwako, haiwezi kuwa huduma ya kutegemewa. Anayekuja kuomba fedha za umma kwa mradi wa namna hiyo anyimwe. Ila mtandao wa umeme wenyewe ndio njia bora tuliyonayo ya kufikisha intaneti vijijini, na inaniuma kuona tunavyoichezea njia hiyo.

Nianze na waya. Umeme wetu hutembea kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Juu yake unaweza kupandisha mawimbi ya megahezi 2 hadi 30, au zaidi, yakabeba data, na kifaa cha upande wa pili kikayachuja. Umeme na data havigombani, kwa kuwa masafa yake yameachana mno. Kwenye meza ya maabara jambo hili linafanya kazi vizuri, na ndiyo maana kila baada ya miaka kadhaa hujitokeza mtu akiwa na picha za kuvutia na bei ya kushangaza.

Kinachoharibu ni umbo la waya. Waya wa simu una nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kwa hiyo kinachovuja kwa huyu hufutwa na mwenzake. Kebo ya televisheni imevikwa ngao. Waya wa kilovolti 11 au 33, yaani laini inayopeleka umeme mitaani na vijijini, uko uchi, juu ya nguzo, kila mmoja umejitenga na mwenzake. Wimbi la megahezi 10 lina urefu wa mita 30, kipimo kisichopishana sana na nafasi ya nguzo moja hadi nyingine mitaani kwetu. Ukisukuma mawimbi ya namna hiyo kwenye waya wa namna hiyo, umeshajenga antena ya kilometa nzima. Data yako inamwagika hewani, na kelele za hewani zinaingia kwenye data yako.

Na masafa hayo yana wenyewe. Ndiyo masafa mafupi: matangazo ya redio za kimataifa, ndege zinazovuka bahari, meli, wapenzi wa redio wanaoongea bara hadi bara. Misheni, hospitali za mbali na hifadhi za wanyama za ukanda wetu ziliwasiliana kwa redio za masafa hayohayo (HF) miaka mingi kabla mnara wa kwanza wa simu haujasimikwa. Bado yapo maeneo, hasa ndani ya Kongo, ambako redio hiyo ndiyo simu ya dharura.

Manchester walilijaribu hili mapema. Mwaka 1997 kampuni ya umeme ya Norweb pamoja na Nortel, watengenezaji wa vifaa vya mawasiliano, walitangaza kwa kishindo kwamba intaneti sasa itatoka kwenye soketi, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo wakati ule ilikuwa ndoto kwa mtu wa kawaida. Malalamiko ya wenye redio yakaja, na nguzo za taa za barabarani zikatajwa kuwa antena za kurushia kelele. Mwaka 1999 mradi ukafungwa. Ujerumani, kampuni ya umeme ya RWE ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2001 na mwaka uliofuata ikajitoa.

Marekani ndiko walikoshikilia zaidi, na kisa cha mji wa Manassas, Virginia, kinafaa kisomwe na kila ofisa wa wizara. Mji ule una shirika lake la umeme, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wa nani mwenye nguzo. Oktoba 2004 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni za kuruhusu huduma hii, na Rais Bush mwenyewe alikuwa ameipigia debe mwaka huohuo. Oktoba 2005 Manassas wakazindua huduma ya mji mzima, ya kwanza nchini mwao. Bei ilikuwa chini ya dola 30 kwa mwezi. Waandishi wa habari walijaa.

Miaka mitano baadaye walizima mitambo. Waliobaki walikuwa wateja kama mia tano tu, katika mji wenye maelfu ya nyumba. Mwendeshaji binafsi alikuwa ameshaondoka na kuuachia mji mzigo. Wakati wote huo wapenzi wa redio waliandika malalamiko juu ya malalamiko, na chama chao, ARRL, kiliipeleka FCC mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilisema FCC ilikosea kuficha sehemu za tafiti zake yenyewe kuhusu mwingiliano wa mawimbi. Hili la mwisho ndilo linalonikera kuliko yote. Mamlaka ya umma ilikuwa na vipimo vya watafiti wake mezani, ikafunika kurasa kadhaa, kanuni zikapita. Sisi tukiletewa jambo kama hili, TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iweke vipimo vyote hadharani kabla ya kibali cha kwanza.

Kuna fundi atakayeniambia: Marekani si kwetu, mtandao wao umejengwa tofauti. Ni kweli, na hoja yake ina uzito. Mawimbi haya hayavuki transfoma vizuri, kwa hiyo kila transfoma huhitaji kifaa cha kuyapitisha pembeni. Marekani transfoma moja huhudumia nyumba chache tu, gharama ikaruka. Sisi tulijengewa kwa mtindo wa Ulaya: transfoma moja Mbagala ya Dar es Salaam au Kayole ya Nairobi inaweza kubeba nyumba mia na zaidi. Kwa hesabu hiyo tungepata nafuu. Tatizo ni kwamba Mbagala na Kayole tayari kuna minara ya simu na faiba zinapita. Anayehitaji ukombozi ni mtu wa Sikonge na wa Turkana, na huko transfoma moja inahudumia nyumba chache zilizotawanyika, laini ndefu, na data inafifia kila inaposogea. Utalazimika kuweka vifaa vya kuipa nguvu upya kila baada ya mita mia kadhaa hadi kilometa moja au mbili, kila kimoja juu ya nguzo, kikingoja radi ya kwanza ya masika. Kisha wote mlio kwenye kipande hicho cha waya mnagawana uwezo uleule mmoja.

Hapo hatujagusa kelele za ndani. Mashine ya kusaga ikiwashwa, fundi wa kuchomelea akianza kazi, chaja za bei rahisi na taa za LED za mtaa mzima zikiwa kwenye soketi, waya unajaa takataka za mawimbi. Anayetaka ushahidi aende akaangalie rimoti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa baadhi ya mita za siku hizi, mita yenyewe iko juu ya nguzo na mteja amebaki na rimoti ndani. Zipo rimoti zinazochomekwa kwenye soketi na kuongea na mita kupitia waya uleule wa umeme. Ujumbe wenyewe ni tarakimu 20 za tokeni, data ndogo mno, na safari ni ya kutoka chumbani hadi kwenye nguzo. Hata hivyo zikigoma kuingia, fundi husema yaleyale: chomoa chaja, zima vitu, jaribu soketi nyingine. Mama anazunguka na rimoti mkononi huku watoto wamekaa gizani. Ikiwa tarakimu 20 zinapata tabu katika umbali huo, mkutano wa video wa mwalimu wa sekondari utapitaje kilometa nne?

Simaanishi kwamba data kwenye waya wa umeme haina kazi. Ina kazi zake, na inazifanya vizuri inapopewa mzigo wa kiasi chake. Italia, shirika la umeme la Enel walianza mwaka 2001 kufunga mita zinazosomeka kwa mbali, zikatimia zaidi ya milioni 30, na mita hizo huzungumza kupitia waya wa umeme kwa masafa ya chini, polepole, bila kumsumbua mwenye redio. Ufaransa nao mita zao za Linky zinatumia njia hiyo. Mashirika yetu yakitaka kujua transfoma ipi imezidiwa na laini ipi inaibiwa umeme, teknolojia hiyo ipo na imekomaa.

Ndani ya nyumba pia nazikubali adapta za soketi, zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Nimezifunga kwenye nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, ambako kuta za mawe na chokaa ni nene kiasi kwamba Wi-Fi ya sebuleni haifiki chumba cha pili. Adapta moja karibu na ruta, nyingine juu ghorofani, na mwanafunzi anasoma. Ila zichomekwe moja kwa moja ukutani. Ukizichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme mkubwa, kinga hiyo inachuja na data yenyewe. Hapo tunaongelea waya wa mita ishirini ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Kuuchukua ushahidi huo ukautumia kuombea mradi wa wilaya nzima si uungwana.

Sasa nguzo. Kile ambacho kampuni za simu hutumia fedha nyingi na muda mrefu kukipata, shirika la umeme limeshakuwa nacho: njia iliyosafishwa, vibali vya ardhi, nguzo zilizosimama, magari yenye ngazi, mafundi wanaojua kila kona, na mteja anayelipa. Kwenye laini kubwa za kusafirisha umeme tumeshalitumia hilo. Ule waya wa juu kabisa unaokinga radi unaweza kubebeshwa nyuzi za faiba ndani yake, na sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL imepita kwenye faiba za TANESCO. Kenya Power nao hukodisha faiba zao kwa kampuni za mawasiliano. Kwa hiyo mwanga unaobeba data unapita juu ya vichwa vya wanakijiji wengi, usiku na mchana, wakati shule iliyo chini ya laini inanunua bando la simu.

Kutoka laini kubwa kwenda kijijini kuna kebo ya faiba isiyo na chuma hata kidogo, inayoitwa ADSS. Hutundikwa kwenye nguzo zilezile za kilovolti 33, chini ya nyaya za umeme, na kwa kuwa haipitishi umeme, inawezekana kuifunga bila kukatia watu umeme. Haina shaba, hivyo mwizi wa nyaya hana cha kuuza. Njiani haihitaji umeme wowote: mgawanyo wa faiba hufanywa na kioo kitupu. Hili ni kubwa kwetu tunaojua mgao. Umeme ukikatika, vifaa vya data vilivyotundikwa kwenye laini vinazimika pamoja na taa, lakini mwenye faiba na betri ndogo ya kuwashia ruta anaendelea na kazi. Mwaka 2020 Facebook walionyesha roboti inayotambaa juu ya waya wa umeme ikiusokotea faiba. Nao, pamoja na fedha zao zote, walikuwa wanautaka waya uwe barabara ya kioo.

Chattanooga, Tennessee, walifanya hivyo mapema. Shirika la umeme la mji, EPB, lilisambaza faiba kwenye eneo lake lote, likisaidiwa na ruzuku ya serikali kuu ya dola milioni 111 hivi, na Septemba 2010 likaanza kuuza kasi ya gigabiti 1. Ni mwaka uleule Manassas walipozima yao.

Najua pingamizi. Nguzo za Nairobi zimeelemewa na kebo za kila mtu, nyingine zimetundikwa bila ruhusa, na fundi wa umeme anapanda akihofia asichokijua. Dawa yake ni kebo moja ya pamoja, inayomilikiwa na shirika la umeme, na kampuni zote zikodi nyuzi humo kwa bei iliyotangazwa. Pingamizi la pili ni usimamizi: umeme uko EWURA, mawasiliano yako TCRA, na jambo linalogusa wawili huishia kwenye vikao. Hapo wizara mbili zikae na kuamua nani anatia saini.

Ninachotaka ni kidogo na kinaandikika. Kila zabuni mpya ya REA ya laini ya kilovolti 33 iwe na kebo ya faiba ndani ya bei yake, angalau nyuzi 24, na vituo vitatu vya kushukia kwa kila kijiji: shule, zahanati na ofisi ya kijiji. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao tayari unachangia minara, ulipie tofauti ya gharama. Kwa laini zilizokwisha kujengwa, waanze na zile zenye shule za sekondari. Kuanzia hapo Wi-Fi ya uwanja wa shule au mnara mdogo utamalizia nyumba zilizobaki, na kijana wa palepale anaweza kupewa kazi ya kuuza na kutengeneza. Wabunge wanaouliza bungeni kuhusu umeme wa vitongoji waulize na hili katika swali la nyongeza, sasa, wakati mikataba ya vitongoji bado inasainiwa.