Bwawa likipungua, mtalii ataona nini?

Tangu Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lianze kujazwa maji Desemba 2022, wazo la kuyageuza mabwawa ya Tanzania kuwa vivutio vya utalii limepata wapigadebe wengi. Hoja yao haina makuu: tuna ukuta wa mita 131, mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na ziwa jipya ndani ya eneo lenye tembo na viboko. Kwa nini tuuze umeme peke yake wakati mandhari nayo inauzika? Upande wa pili hauna subira na maneno hayo. Bwawa ni mtambo, wanasema, na mtambo haupangiwi wageni. Maji ni ya kunywa, ya kumwagilia na ya kuzalisha umeme. Anayetaka boti aende Ziwa Nyasa.

Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba maji ya bwawa yanatulia mahali pamoja. Hayatulii. Bwawa linajengwa ili lijae masika na lipungue kiangazi, na tabia hiyo ndiyo inayompa shida yeyote anayetaka kufungua biashara ukingoni mwake.

Tuanze na Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 likiwa ghala la kuilisha mitambo ya umeme ya Kidatu maji ya kiangazi. Mitambo yake yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Kina chake cha juu ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kikifika mita 690 mitambo inatakiwa izimwe. Mita nane na nusu zinaonekana kidogo kwenye karatasi. Lakini Mtera limetanda kwenye tambarare, kwa hiyo maji yakishuka mita moja tu ukingo unahama mbali sana. Jenga hoteli ya kifahari pale: mwezi Mei mgeni atakunywa chai akitazama maji chini ya baraza, na ikifika Novemba, mwaka ambao mvua zimekuwa haba, atatazama tope lililopasukapasuka, vigogo vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojengwa, na vishamba vya watu waliolima wakiyafuata maji yanavyorudi nyuma. Mwaka 2006 ukame uliipiga Mtera na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme. Mwaka kama huo hakuna meneja wa bwawa atakayebakiza maji ili boti za watalii zisikwame, na wala hapaswi kubakiza.

Hata hivyo, Mtera ina wageni tayari, ila hatuwaiti watalii. Ni abiria wa barabara ya Iringa–Dodoma. Basi likipunguza mwendo, wachuuzi wanalizingira na samaki wa kukaanga kwenye beseni na waliobanikwa kwenye vijiti, bei inapanda na kushuka dirishani, dereva anapiga honi, na mtu wa siti ya nyuma anaomba apitishiwe chenji yake. Biashara hiyo haihitaji bwawa lijae hadi ukingoni. Inahitaji samaki wawepo, na hapo ndipo pagumu: samaki wa Mtera na wa Nyumba ya Mungu, bwawa lililoko kaskazini mwa nchi, wamevuliwa kwa makokoro kwa miaka mingi, hadi Nyumba ya Mungu uvuvi ukawahi kusimamishwa ili samaki wazaliane. Anayetaka utalii wa mabwawa angeanza na nyavu kabla ya kuchora ramani ya hoteli.

Wanaotetea utalii wana hoja moja nzito ambayo wapinzani wao huipita haraka. Mabwawa hufa polepole kwa tope. Bwawa la Mindu, linaloinywesha Manispaa ya Morogoro tangu miaka ya 1980, linapokea udongo unaoshushwa na mito kutoka milima ya Uluguru inayolimwa hadi kwenye miteremko mikali. Mahali pasipo na mgeni wala mpita njia, uharibifu wa namna hiyo hauonekani hadi mabomba yakauke. Watu wakizoea kwenda Mindu Jumapili, watauliza kwa nini maji yamekuwa kahawia. Kelele za wananchi ni ulinzi pia, na ni wa bei nafuu.

Lakini kuna mahali ambapo hesabu ya utalii inageuka, nako ni Rufiji.

Maji ya Mto Ruaha Mkuu yanayotoka Mtera hupita Kidatu, yakazungusha mitambo ya megawati 204, kisha huungana na Rufiji juu kidogo ya korongo lilipojengwa Bwawa la Nyerere. Maji yaleyale yanafanya kazi mara tatu, na kwa mhandisi hilo ni jambo la kufurahia. Chini ya ukuta, hata hivyo, kulikuwa na utalii kabla ya bwawa: safari za boti mtoni na kwenye maziwa kama Tagalala na Manze, ambayo yamekuwa yakipata maji Rufiji inapofurika. Mbele zaidi kuna wakulima wa mlau, wanaopanda kwenye unyevu unaoachwa na mafuriko yakipungua, na kwenye delta kuna mikoko na kamba wanaotegemea maji baridi na rutuba inayoshuka na mto. Kwa hiyo anayesema bwawa limetuletea ziwa jipya la kutembelea anapaswa aseme pia maziwa ya zamani yatajazwa na nini. Sijasikia wapigadebe wakilijibu swali hilo sawasawa.

Wapo watakaonikumbusha mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipoingia Muhoro na vijiji vingine. Wakazi waliulaumu ufunguaji wa milango ya bwawa; Serikali ikasema mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hoja zote mbili zinaweza kuwa na ukweli ndani yake. Ninachokiona mimi ni kwamba mkulima na mwenye boti wanahitaji kitu kimoja: kujua mapema maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani.

Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, inaonyesha gharama ya kuchelewa kuuliza. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, maji ya maporomoko yaliingizwa kwenye handaki na ule ukungu uliokuwa ukilowesha korongo ukatoweka. Chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996, asiyeishi kwingine kokote duniani, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Waliopona ni waliokuwa wamechukuliwa kufugwa Marekani. Walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, na sasa kuna mabomba ya kunyunyizia maji mahali ambapo mto ulikuwa ukifanya kazi hiyo bure. Kivutio cha kipekee kilikuwepo pale, na tulikijua vizuri kilipokuwa kinakwisha.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani na mahitaji ya mazingira, shughuli za kiuchumi zifuate. Utalii basi uko kwenye foleni, nyuma ya ndoo ya mama na nyuma ya mto wenyewe. Simwonei mtalii, nasema tu asitumiwe kuhalalisha bwawa ambalo hesabu zake za maji hazijakaa sawa.

Palipo na bwawa tayari, ningeanza na vitu vidogo ambavyo maji yakishuka haviharibiki: soko la samaki lenye paa na vyoo safi Mtera, maboya ya kujiokolea kwenye kila boti kwa sababu mamba wapo, gati linaloelea badala ya la zege, na bango barabarani linaloonyesha kina cha leo kikilinganishwa na mita 690. Hilo la mwisho lingemfaa hata abiria asiyeshuka kwenye basi: angejua, kabla ya kutangaziwa, kama mgawo wa umeme unakuja.