Kabla hujakereza silinda, pima kwanza

Haipiti wiki kijana hajaniuliza, "Kaka, nataka kutanua silinda za Subaru yangu ipate nguvu, itanitoka ngapi?" Na mimi swali langu ni lile lile, umeshapima? Kimya. Jamani hili jambo linaniuma maanake bloku nzuri, lile pande la injini lenye silinda, zinauliwa hapa Mombasa kila siku kwa ajili ya hesabu ambayo mtu angeifanya kwa simu yake dakika mbili.

Hebu tuifanye. Injini ya EJ20 ya Subaru silinda yake upana ni milimita 92, pistoni inasafiri milimita 75, jumla silinda zote nne ni sisi (cc) 1994. Ukikereza, yaani kukwangua ukuta wa ndani kwa mashine, mpaka 92.5 unapata kama 2016. Yaani umeongeza sisi 22 kwa injini nzima, hata nusu ya kikombe cha kahawa chungu hazijazi. Nguvu ya injini ya turbo iko kwenye busti, ile presha ya hewa inayosukumwa na turbo, kwenye hedi inayofunika silinda juu, na kwa yule anayekutunia kompyuta. Kukereza ni dawa ya silinda iliyokwisha, ile imekuwa yai ringi zikashindwa kuziba, gari inakula oili na moshi wa buluu nyuma. Kama yako ni duara bado na haina mikwaruzo, iache!

Mimi nayasema haya kwa sababu yalinipata. Niliipeleka bloku yangu duka moja la mashine wakaikereza 92.5 na pistoni hata hazijafika. Kosa la kwanza hilo, na nililikubali mwenyewe. Pistoni za foji, zile za kufuliwa kwa nguvu, zilipokuja zina karatasi yake inasema nafasi kati ya pistoni na ukuta iwe kiasi gani, maanake foji hutanuka zaidi ikipata moto kuliko zile za kawaida, kwa hivo unakereza kufuata pistoni uliyoishika mkononi, tena kila moja na silinda yake. Zangu zikawa zimepwaya. Asubuhi injini ikiwa baridi inagonga kama mtu yuko mlangoni. Halafu kumbe waliposugua ukuta wa silinda kwa mawe kumalizia hawakufunga ile pleti nene ya chuma inayokazwa juu ya bloku mahali pa hedi. Watu huiona pleti ile kama madoido, lakini ukikaza hedi bolti zinavuta ukuta wa silinda, duara linapotea, kwa hivo lazima usugue bloku ikiwa imevutwa vile vile. Na Subaru bloku yake ni vipande viwili, inatakiwa ifungwe yote ndio ikerezwe.

Nikataka nikereze tena saizi kubwa zaidi nimalize. Fundi mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, chuma ukishakitoa hakirudi. Weka slivu." Nikamjibu, "Sawa mzee," lakini moyoni naona kama nimeshindwa, maanake kwetu slivu, ule mkebe wa chuma unaokuwa ukuta wa silinda, watu wanaijua ni ya matatu na pikapiki za mizigo. Nilikosea kabisa. Slivu ya zamani inakerezwa yote itoke, bloku inapashwa moto, mpya inaingizwa ikiwa baridi, bloku ikipoa inaibana. Ile mpya iwe na mdomo juu ili isishuke chini, maanake ikishuka hata kidogo gasketi inaungua. Kisha uso wa bloku unasawazishwa, ndio silinda inakerezwa kufuata pistoni. Nikabaki na pistoni zangu zile zile za 92.5 lakini sasa ukuta ni mnene.

Na ukuta mnene sisi wa pwani tunauhitaji. Visima vingi huku maji yake ni ya chumvi na watu wanayatia kwa rejeta bila wasiwasi. Bloku ya chuma kama ya injini ya 4G63 ya Mitsubishi inaliwa na kutu upande wa maji hujui, wewe unakereza ndani na kutu inakuja kutoka nje, siku moja zinakutana maji yameingia silinda. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa ukuta, ulizia kabla ya kutoa hata unyuzi. Halafu huku tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito kuliko Nairobi iliyo juu kama mita 1,700, hivo gari iliyotuniwa kule ikishuka Mariakani ikaingia huku, presha ndani ya silinda inapanda, na ukuta mwembamba ndio unaoipokea.

Saa hii nina kilometa 800 tangu nifunge, naenda Mtwapa narudi bila kukanyaga sana, oili nimeshabadilisha mara ya kwanza. Juzi alfajiri yule mzee alipita, nikawasha injini baridi, akainama akatega sikio karibu na bloku. Hakuna kugonga. Akaniambia, "Zima, nishasikia."