Kitabu Kisicho na Picha Kimeharibika

Leo asubuhi nimemaliza bando la elfu moja nikiwasikiliza watu wawili wakicheka. Podikasti ya mazungumzo, eti. Huyu anasema "we wacha!", mwenzake anakohoa kwa kicheko, na mimi kiti cha nyuma cha taksi, hii matatu yetu ya Kampala, magoti kifuani, hedifoni imebaki sikio moja, nangoja niambiwe tunamcheka nani. Tulipofika Nakawa mmoja akasema, "Sasa, kabla hatujaanza..." Bando likakata.

Na bando mnalijua. Mwaka 2018 wakubwa wa serikali ya Uganda walitutoza shilingi 200 kwa siku ndipo uione WhatsApp. 2021 wakatuhurumia, wakaiondoa, wakapachika asilimia 12 kwenye data yenyewe. Maana yake hata kile kicheko nimekilipia kodi.

Enzi za bimeeza, vile vikao vya mjadala vya redio vya hadharani, kabla havijapigwa marufuku 2009, mtu alishika maikrofoni mbele ya watu na chupa zao, akasema jambo, akazomewa, akakaa. Hawa wa siku hizi nani awazomee? Wamejifungia chumbani.

Mimi si mtu wa makuu. Nataka sauti moja ya Kiswahili inisimulie kitu chenye kichwa na miguu hadi jamu ya Jinja Road iishe. Baraza la mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi 2022. Nadhani nacho kiko kwenye jamu, kinakuja.

Nilijaribu programu ya kusoma maandishi kwa sauti. "N.k." ikaisoma "nuk". Kwenye "ng'ombe" ikasimama katikati, kama ng'ombe mwenyewe akiwa barabarani. Nikaifuta.

Basi jioni, kwa heshima zangu zote, shati nimechomekea, nikaenda kwa kijana anayejaza sinema kwenye memori kadi karibu na paki ya zamani.

"Kijana, nataka kitabu."

"Mzee, vitabu ni kule kwenye daftari na kalamu."

"Cha kusikiliza."

Akanitazama. "Kimetafsiriwa na VJ gani?" VJ, yaani yule anayetafsiri sinema kwa kuongea juu yake.

"Hakina VJ. Mtu anakisoma, wewe unasikiliza."

"Picha?"

"Hakina picha."

Akaweka roleksi yake, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, chini, akafuta mafuta kwenye kipanya kwa suruali, akaniinamia kwa huruma kama daktari. "Mzee wangu, hicho kimeharibika. Aliyekuuzia alikuibia. Sinema ikikosa picha ujue kadi ina virusi."

Nikamweleza upya. Nikafumba macho, nikamsomea bango la ukutani kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Hatukopeshi. Leo pesa, kesho bure." Wateja wawili wakageuka. Mmoja akanisogezea kigoda.

"Aaa!" kijana akasema. "Unataka mahubiri!"

Sitaki mahubiri! Ninayo! Mchungaji wa jirani ana spika nne, na zote zinatazama dirisha langu! Nilijikuta nimesimama, kidole juu, shati limechomoka.

Kijana wala hakupaza sauti. "Mzee, tulia. Nakuwekea ya mapigano, VJ ameongea mwanzo mpaka mwisho. Ukifika kwenye taksi uzime skrini. Mia tano." Nikatoa mia tano. Ningefanyaje?

Sasa nawaambia, na msimwambie yule kijana: kitu kinasikilizika! VJ hanyamazi. Mtu anaruka kutoka kwenye helikopta, na VJ anamwambia kwa Kiganda mke wake amemwachia sufuria jikoni, angalau ashukie upande wa nyumbani. Mama aliyekaa nami, kapu la nyanya mapajani, akaona mabega yangu yanatikisika.

"Ssebo, kuna nini?"

Nikamwambia. Wa mbele wakauliza amesema nini. Nikachomoa hedifoni, nikaongeza sauti, na konda, yule yule anayetuchagulia redio kila siku kama baba wa nyumba, akaizima redio yake mwenyewe. Kireka imepita, hakuna aliyesema "maaso awo", nishushe hapo mbele. Nimeshtukia Bweyogerere, mtu wa helikopta hajatua, simu imezima, na konda anadai mia tano ya kunipitisha. Mia tano! Kwani nilimwomba? Na yule mama naye nyanya zake zimenivujia suruali, hii ya Jumapili, ambayo fundi wake aliniambia nirudi Alhamisi, Alhamisi ipi hakusema...