Spika nne, maikrofoni moja: kwa nini wapiga gitaa wanaliacha boksi kubwa

Mpiga gitaa anayepanda jukwaani siku hizi bila boksi kubwa la spika nne huambiwa kwamba amekuwa mvivu. Hataki kubeba, husema wanaomlaumu. Ameuacha mgurumo wa kweli akanunua kifaa cha kidijitali cha kukanyaga kwa mguu, kinachoiga sauti ya amplifaya na boksi lake. Lawama hiyo haikosi chembe ya ukweli, kwa sababu boksi lenye spika nne za inchi 12 huwa na uzito wa kati ya kilo 35 na 45, na wengi wanaopiga kila wiki hawana wa kuwapandishia vyombo ngazini. Lakini boksi lilikuwa zito vilevile miaka hamsini iliyopita na watu walilibeba, kwa kuwa lilikuwa na kazi ambayo hakuna chombo kingine jukwaani kilichoweza kuifanya. Kilichobadilika ni kazi hiyo, na hilo ndilo ambalo wanaolaumu hawajalitazama vya kutosha.

Katikati ya miaka ya 1960 mitambo ya kumbi ilibeba sauti ya mwimbaji peke yake, tena kwa udhaifu. Agosti 1965 The Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, walikuwa na amplifaya za Vox za wati 100, na bado kelele za mashabiki ziliwameza. Ni katika hali hiyo Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, alimtaka Jim Marshall, mtengenezaji wa amplifaya wa London, amtengenezee boksi la spika nane. Lilipoonekana halibebeki, likagawanywa kuwa maboksi mawili ya spika nne nne, moja likikaa juu ya jingine. Mnara ule mweusi tuliozoea kuuona nyuma ya bendi ulikuwa jibu la tatizo halisi: gitaa lililotaka kufika viti vya mwisho lilipaswa kufika kwa nguvu zake lenyewe.

Tatizo hilo liliondoka pale gitaa lilipoanza kuwekewa maikrofoni. Naomba msomaji akae nami hapa kwa muda, maana naona ndiyo hoja nzima. Fundi mitambo huichukua maikrofoni, mara nyingi Shure SM57, huisogeza hadi sentimita chache kutoka kwenye kitambaa cha boksi, huielekeza kwenye spika moja aliyoichagua, kisha huenda zake kwenye mixa. Kwa umbali huo maikrofoni husikia eneo dogo la koni moja, yaani ile karatasi ya spika inayotikisika. Akiisogeza kidogo tu kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni, ukali wa sauti hupungua waziwazi, na mabadiliko hayo yanaweza kuwa makubwa kuliko yale ambayo mpiga gitaa amehangaika nayo jioni nzima kwenye vitufe vyake. Spika tatu zilizobaki zinatikisika, zinakula nguvu ya amplifaya, zimebebwa kutoka kwenye gari hadi jukwaani, na katika ukumbi mkubwa hakuna msikilizaji anayezisikia. Ukubwa wa boksi na mtetemo wa spika jirani huchangia kidogo katika kile kinachonaswa, lakini mchango huo ni mdogo mno kuweza kuhalalisha kilo zote hizo. Hata bendi zilizopanga ukuta mzima wa maboksi zilikuwa zikipeleka kwa watu sauti ya spika moja au mbili, na haikuwa siri miongoni mwa mafundi kwamba baadhi ya maboksi katika kuta hizo yalikuwa matupu.

Kwa hiyo mpiga gitaa anayechomeka kifaa chake moja kwa moja kwenye mixa hajamnyima msikilizaji wa ukumbi mkubwa kitu alichokuwa nacho. Faili ambazo vifaa hivi hutumia, ambazo wapiga gitaa huziita IR, hunasa namna boksi fulani lilivyoitikia mbele ya maikrofoni fulani iliyowekwa mahali fulani, yaani kile kile ambacho fundi mitambo amekuwa akikipeleka kwenye mixa kwa miongo kadhaa. Na faili zinazotafutwa sana ni zile zilizonaswa kwenye maboksi ya spika nne. Sauti yake haijafa; kilichoondoka jukwaani ni mbao na sumaku zake.

Katika kumbi ndogo, ambako hadhira husikia boksi lenyewe bila maikrofoni, watu hudhani utetezi wake una nguvu zaidi. Mimi nauona ukidhoofika hapo kuliko popote. Sauti ya hezi 3,000 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 11 hivi, ilhali koni ya spika ina upana wa sentimita 30, na spika mbili zikikaa bega kwa bega upana huo huongezeka maradufu. Chanzo kipana kuliko wimbi lake hukusanya sauti kuwa mwale mwembamba unaokwenda mbele tu, kama mwanga wa tochi. Sasa mtazame mpiga gitaa: amesimama mita moja mbele ya boksi lenye kimo cha sentimita 75, na mwale unampiga kwenye mapaja. Masikio yake yanapata mgurumo bila makali, kwa hiyo anaongeza makali. Aliyekaa meza ya tatu, mbele moja kwa moja, anapokea yote usoni, katika masafa yale yale yanayobeba maneno ya mwimbaji. Aliyekaa pembeni anasikia uvumi tu. Boksi la mshazari, ambalo spika zake mbili za juu zimeinuliwa kidogo, hupunguza kasoro hii bila kuiondoa. Hakuna mtu mwovu katika tukio hili, na ndiyo maana ugomvi kati ya mpiga gitaa na fundi mitambo haukwishi: kila mmoja anasema kweli kuhusu anachokisikia.

Kuhusu afya ya masikio hoja haihitaji urefu. Spika nyingi za gitaa hutoa desibeli 98 hadi 100 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, na kila nguvu inapozidishwa mara kumi desibeli 10 huongezeka. Amplifaya ya wati 100 ikifunguliwa yote hufika karibu na desibeli 120. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hupendekeza mtu asikae katika desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaja kiwango hicho hicho, kwa wastani wa dakika 15, kuwa ukomo wa kumbi za burudani.

Wanaolitetea boksi wana jambo moja ambalo siwezi kulipuuza. Gitaa la umeme na spika yake hupigana mwangwi: sauti inapotoka kwa nguvu hurudi kuzitikisa nyuzi, noti hudumu, na mpigaji huiongoza kwa kugeuza mwili wake. Jimi Hendrix aliufanya mzunguko huo kuwa sehemu ya upigaji wake, na monita za masikioni, yaani vispika vidogo ambavyo mpigaji hujisikilizia, haziwezi kuuzalisha. Tena mwenye boksi anajisikia bila kumtegemea mtu, wakati asiye nalo yuko mikononi mwa fundi wa monita, na siku monita zikiwa mbovu hupiga kwa kubahatisha. Hasara hiyo ni ya kweli. Ila ni hasara ya mpigaji, na nyingi kati ya faida hizo hupatikana pia kwa boksi la spika moja. Amplifaya ya wati 20 iko chini ya ile ya wati 100 kwa desibeli 7 tu, na kwa kuwa haihitaji kuzuiliwa ili mwimbaji asikike, hufika mapema pale tyubu zake, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, zinapoanza kunguruma vizuri.

Kwa bendi ambayo mzunguko ule wa nyuzi na spika ndio muziki wenyewe, boksi la spika nne bado lina nafasi, mradi jukwaa ni kubwa na wasikilizaji wa kwanza wako mbali. Hata hapo liinuliwe juu ya kasha mpaka spika zake zimfike mpigaji usawa wa masikio, ili ukali anaouongeza awe ameusikia kabla ya aliyekaa mbele yake.