Auma Ni Nani?

Saa nne kasoro za usiku simu ikalia. Dada yangu mkubwa. Dada yangu hapigi simu saa hizo ila kuna msiba au kuna mtu anadaiwa, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshasimama.

"Auma ni nani?"

Salamu hakuna. Nikauliza, kwa nia njema kabisa, "Auma yupi?"

"Hata wewe unauliza yupi! Kwani wako wangapi?" Akakata.

Nikabaki nimesimama gizani na soksi miguuni, nikijaribu kumkumbuka Auma yeyote aliyewahi kunikosea.

Ngoja nirudi nyuma. Naishi Nyahururu, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mji ambao mwezi wa Julai mtu hulala na koti na bado akiamka huhesabu vidole kwanza. Huku sweta si pambo. Na Januari shule zikifunguliwa, wazazi hupanga foleni kwa mafundi wa sweta kuliko wanavyopanga benki. Kazi yangu ya ofisini ilipoisha (iliisha yenyewe, mimi bado nilikuwa nataka kuendelea), nikajiambia pesa iko kwenye uzi. Nikanunua mashine ya kufuma ya mkono, ya Kijapani, inayonizidi umri, kutoka kwa mama mmoja fundi aliyekuwa anapunguza vitu kwenye karakana yake. Kwa bei hiyohiyo akakubali kunifundisha mwezi mzima. Nadhani alikuja kujuta wiki ya kwanza.

Mashine yenyewe ni kama kitanda chembamba cha chuma chenye sindano 200 zilizopangwa kama meno ya mamba, kutoka moja hadi nyingine milimita 4.5. Kila sindano ina ndoano mbele, na nyuma ya ndoano kuna kiulimi kinachofunguka na kufunga. Juu yake unasukuma kigari kwa mkono, krrr kwenda, krrr kurudi, kila mpito safu moja. Ukimwangalia fundi unadhani anapiga pasi. Ukishika mwenyewe unadhani unasukuma gari lililokwama kwenye matope ya Kinangop.

Siri yote iko kwenye kile kiulimi. Sindano ikitoka mbele, kitanzi cha zamani kinateleza nyuma ya ulimi. Ikinasa uzi mpya na kurudi, ulimi unafunga, kitanzi cha zamani kinavuka juu na kudondoka, kipya kinabaki kwenye ndoano. Ni kama askari wa zamu: wa usiku haondoki mpaka wa mchana afike. Shida ni kwamba mashine haiangalii kama wa mchana amefika kweli.

Siku ya nne nilikuwa nimefika safu ya 210 ya mgongo wa sweta, najisikia fundi, napiga na mluzi. Koni ya uzi ikaisha. Nikafunga koni mpya, nikavuta uzi, nikasahau kuupitisha kwenye mdomo wa kigari. Nikasukuma. Krrr. Sindano 150 zikaachilia zilichoshika kwa mpigo mmoja, askari wote wa usiku wakaenda nyumbani, na mgongo mzima wa sweta ukashuka chini pamoja na kitana chake na vile vyuma vya uzito vinavyoning'inizwa kuvuta kitambaa. Chuma kimoja kikachagua kidole gumba cha mguu wangu wa kulia.

Mama fundi hakuinua hata macho kwenye kazi yake. "Hujaweka uzi," akasema.

Usiku huo, mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, nilisoma kwenye simu kuhusu mtu aliyetuletea haya yote. Mwingereza mmoja, William Lee, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi mwaka 1589. Inasimuliwa kwamba alimpelekea Malkia Elizabeth wa Kwanza, malkia akamnyima hati ya umiliki kwa kuwaonea huruma wafumaji wa mkono watakaokosa mkate. Lee akahamia Ufaransa na mashine zake. Kile kiulimi nacho kilikuja baadaye sana, miaka ya 1840, kwa Mwingereza mwingine, Matthew Townsend. Nikatazama kidole changu kilivyovimba, nikaona malkia hakukosea sana.

Wiki ya tatu shemeji yangu, mume wa dada, akaniletea kazi ya kwanza ya maana. Chama chao kinaitwa AMUA. Walitaka sweta 12, buluu iliyokolea, na jina la chama kifuani kwa herufi nyeupe. "Nianzie mimi," akasema, "wengine wakiiona yangu watalipa haraka."

Sasa herufi. Mashine nyingi za aina hii zina sehemu ya kuingiza kadi yenye matundu, upana wa matundu 24, na kadi ndiyo inayoamua sindano ipi ichukue rangi ipi. Ya kwangu sehemu hiyo ilikuwa imekufa zamani, na mama fundi alikuwa akiitumia kuwekea kalamu. Kwa hiyo herufi ingebidi nizichague kwa kidole, sindano moja moja, safu baada ya safu, nikifuata mchoro kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Herufi moja sindano 20, nafasi tano katikati, jumla sindano 95. Urefu safu 30. Mchoro ulipendeza, nikaubandika ukutani.

Mama fundi akaniita, akaniambia mambo mawili. La kwanza: sweta hufumwa kutoka kiunoni kwenda shingoni, kwa hiyo anza na miguu ya herufi, usianze na vichwa, ama utamvalisha mtu jina limesimama kwa mikono. La pili alilisema wakati mimi nazidisha bei ya sweta moja mara 12 kwenye simu. Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kwa heshima kabisa.

Herufi zile zilinichukua siku mbili. Kila safu nahesabu: sita ndani, mbili nje, kumi na mbili ndani. Mgongo unauma, macho yanaona sindano hata nikifumba. Lakini miguu ya A ilitokea kwanza, kisha ule mstari wake wa katikati, kisha kilele, na kila nikirudi nyuma hatua mbili naisoma pale kwenye mashine, kutoka kushoto kwenda kulia: A, M, U, A. Imejaa nyuzi zinazoning'inia katikati ya herufi, ndiyo, lakini inasomeka. Nikapiga picha. Nikamtumia kila mtu isipokuwa waliokuwa wakinidai.

Nikashona mbavu na mikono, sweta ikiwa imegeuzwa ndani nje kama inavyotakiwa. Nikaigeuza. Nikaitandika kitandani na kuitazama muda mrefu, na naapa niliisoma AMUA. Ukishakaa na neno siku mbili, jicho halisomi tena, linakariri. Nikaifunga kwenye gazeti, nikampelekea shemeji jioni. Stima zilikuwa zimepotea mtaani kwao, akaivaa hapohapo gizani, akasema joto lake ni la kweli. Mtu hawezi kusoma kifua chake mwenyewe hata kukiwa na mwanga. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Stima zikarudi saa tatu na nusu.

Nilivyosimuliwa baadaye, dada alikuwa anaepua ugali. Taa ikawaka, akageuka, na mbele yake akamwona mume wake wa miaka 14 amekaa kwenye kochi, mkono umelala juu ya meza, na kifuani ana jina la mwanamke kwa herufi nyeupe zenye urefu wa sentimita saba na nusu.

"Baba watoto. Auma ni nani?"

Mtu asiye na hatia angesema "Sijui." Mtu mwenye hatia angesema "Sijui." Shemeji yangu, ambaye ni mhasibu na hupenda hesabu zifungwe vizuri, akasema, "Auma yupi? Wa kazini ama wa SACCO?"

Hapo ndipo simu yangu ilipolia.

Baada ya dakika kumi dada akanitumia picha bila maneno: sweta imetandazwa mezani, peke yake, kama kitu kilichookotwa mtoni. Nikaikuza. A. U. M. A. Nikafungua picha yangu ya kwenye mashine. A. M. U. A. Sweta ni ileile, uzi ni uleule. Nikabandua mchoro ukutani, nikaenda nao bafuni, nikauinua mbele ya kioo, na kioo kikaniandikia AUMA, safi, bila hata mkwaruzo.

Nikalikumbuka neno la pili la mama fundi. Lilirudi lote, kwa sauti yake: "Na ujue mashine inakuonyesha mgongo. Ule uso wa sweta uko upande wa pili, hauuoni mpaka utoe."

Na bahati mbaya ina akili. Ingekuwa chama kinaitwa JENGA, J ingetazama kwingine, E na G zingegeuka, hata mtoto wa chekechea angesema mjomba hii imepinduka. Lakini A ukiipindua kwenye kioo ni A. M ni M. U ni U. Chama kilichagua herufi tatu zinazolingana kushoto na kulia, zikapangwa hivi ni uamuzi, zikapangwa vile ni msichana wa Kijaluo.

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya bodaboda na mchoro wangu kifuani ndani ya koti. Nilimkuta shemeji jikoni na kikombe cha chai iliyoota utando. Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyemkata mguu mzima akauacha mbovu.

Nikaeleza. Nikaeleza kigari, ulimi, mgongo wa kitambaa, uso wa kitambaa. Dada alikuwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo sweta inasema uongo, kioo ndicho kinasema ukweli?"

"Ndiyo, dada. Kwa sweta hii tu."

Nikamwambia shemeji aivae, tukaenda wote watatu chumbani mbele ya kabati lenye kioo. AMUA. Dada akatazama kioo, akamtazama mumewe kifuani, akatazama kioo tena. Akasogea akaupitisha mkono ndani ya sweta, kidole kikanasa kwenye zile nyuzi za nyuma, akazichungulia. Uso ukalegea. Mimi na shemeji tukapumua pamoja.

"Sawa," akasema. "Hiyo ya mashine nimeielewa. Sasa turudi kwa wa kazini na wa SACCO."

Hapo mimi sikuwa na mchoro. Nikaaga. Mandazi yalikuwa mezani, sikuyagusa.

Ilichukua siku tatu. Auma wa kazini akatokea kuwa bosi wake, mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Auma wa SACCO ni yule afisa wa mikopo aliyemkatalia mkopo mara mbili, na shemeji alitoa barua zote mbili za kukataliwa, zenye mhuri, akaziweka mbele ya mke wake kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyenyimwa pesa.

Mimi huku nilikuwa nafumua. Vifua vitatu vingine vilikuwa tayari, vyote Auma. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizokuwa zimesukwa, ukiurudisha mashineni hivyohivyo unakataa, kwa hiyo nikauzungushia mgongo wa kiti, nikaulowesha, nikauning'iniza ukauke ukiwa na chuma cha uzito. Kile kilekile cha kidole gumba. Mchoro nikaubandika kwenye kioo cha dirisha mchana, sura ikitazama nje, nikaukopi kwa nyuma jua likipenya. Jirani aliyepita akauliza kama nimeanza kupiga ramli.

Sweta zote 12 zikatoka AMUA. Ndiyo, 12, maana ile ya kwanza dada alikataa kuitoa. Shemeji alidhani ameiweka kama ushahidi. Siku chama kilipofanya sherehe yake pale nyumbani, wanachama wamekaa kwenye hema na sweta zao, dada akatoka jikoni na sufuria ya pilau amevaa AUMA, akapita polepole mbele ya kila meza.

Bosi wa shemeji alikuwa mgeni wa heshima. Akaweka miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii nani amekufumia?"

Dada akaninyooshea kijiko. Mama yule akanijia palepale, akatoa shilingi 1,000 za kutanguliza, akataka yake iwe nyekundu, mikono mirefu, herufi kubwa kama zile. Nimeanza jana. Mchoro uko ukutani, haujapita dirishani safari hii. Kwenye karatasi nimeandika AMUA.